Diploma ya Saikolojia: Piga Hesabu Kabla Hujauza Shamba

SEHEMU YA 1

Nimetoka zamu ya mchana, miguu imevimba, lakini hili jambo nimelibeba wiki nzima na nisipoliandika leo sitalala. Mnaopenda posti fupi mnisamehe. Hii ni ndefu, nitaigawa vipande.

Dada yangu mkubwa, yuko hukuhuku Ngara, anataka kuuza kipande cha shamba. Si shamba lote. Ni ile migomba ya kule bondeni ambayo imetulisha tangu mama yetu yuko hai. Mnunuzi kapatikana, bei karibu wameelewana. Sababu ni binti yake, ambaye kwangu naye ni binti, ananiita mama mdogo. Kamaliza kidato cha nne, kapata C mbili na D za kutosha, na sasa "amechaguliwa" na chuo kimoja cha kati huko Mwanza akasome diploma ya saikolojia na ushauri nasaha.

Hilo neno amechaguliwa nimeliwekea alama makusudi. Chuo chenyewe ndicho kilichomtafuta. Wakala wake alipata namba za wahitimu, sijui kutoka wapi, akawa anawapigia mmoja mmoja. Kwa dada alipiga mara tatu. Akamtumia picha ya tangazo lenye msichana kavaa joho anacheka, chini imeandikwa kozi yenye soko la uhakika ndani na nje ya nchi. Dada akanionyesha ile picha kwa furaha ambayo sijaiona usoni kwake tangu shemeji afariki.

Nikampigia wakala mwenyewe. Nikamuuliza, kaka yangu, hilo soko la uhakika liko wapi, nitajie sehemu tatu. Akasema hospitali. Nikamwambia mimi nipo hospitali mwaka wa kumi huu. Akasema mashirika. Nikamuuliza shirika gani. Akasema, "Sista, dunia ya sasa watu wana stresi sana." Hapo nikajua nazungumza na mtu anayelipwa kwa kichwa.

Stresi ipo, nakubali. Lakini wingi wa wagonjwa haujawahi kuwa sawa na wingi wa mishahara. Ingekuwa hivyo, wauguzi wa huku kwetu tungekuwa matajiri.

SEHEMU YA 2

Kabla sijaendelea niseme ninapoongelea. Kuna watu wataruka na kusema sista anadharau saikolojia. Sidharau. Mimi mwenyewe nina diploma, ya uuguzi, najua diploma inavyodharauliwa na wenye digrii na inavyotishwa na wenye vyeti vipya. Naongelea hela. Hela ya mjane.

Tukae na karatasi. Fomu ya kujiunga ninayo hapa mezani. Ada 1,100,000 kwa mwaka. Mitihani, kitambulisho, bima, sare na vitu vingine vyenye majina marefu, 200,000. Hosteli 400,000. Chakula, mtoto akijibana kwa 4,000 kwa siku, kwa siku 270 ni 1,080,000. Nauli za Ngara na Mwanza, vocha, sabuni, taulo za kike, tuweke 220,000. Jumla 3,000,000 kwa mwaka. Kutoka kidato cha nne unaanza ngazi ya 4, halafu ya 5, halafu ya 6, miaka mitatu. Milioni tisa.

Milioni tisa huku kwetu ni nini? Ni ile migomba na bado haitoshi. Dada anasema mwaka wa pili na wa tatu "Mungu atafungua njia". Mimi naamini Mungu, lakini nimeona watoto wengi waliozuiliwa mtihani wa mwisho kwa sababu njia ilichelewa kufunguka. Ukifika mwaka wa pili ukasimama, shamba limeenda na diploma hakuna.

Kuna aliyeniambia jana kwamba siku hizi Bodi inatoa mkopo hadi ngazi ya diploma. Ni kweli, ulianza mwaka wa masomo 2023/24, na ni jambo zuri. Lakini ulipoanza ulilenga fani za kipaumbele: afya na sayansi shirikishi, ualimu na ufundi, usafirishaji, nishati, madini, kilimo na mifugo. Isome tena hiyo orodha polepole, halafu mwambie wakala akuonyeshe saikolojia iko wapi. Serikali ikipanga nani imkopeshe, maana yake imepanga inamhitaji nani. Usilipite hilo.

Haya, kamaliza. Tuseme kapata kazi shule binafsi au kituo cha watoto kwa 300,000. Kodi ya chumba, chakula, nauli, mavazi, na kumtumia mama kidogo, aishi kwa 220,000. Anabakiza 80,000. Gawa milioni tisa kwa 80,000 unapata miezi 112 na nusu. Miaka tisa na miezi minne, asiumwe, asiolewe, asifiwe na mtu, ndiyo arudishe thamani ya migomba, bila kuhesabu ndizi ambazo ingezaa miaka yote hiyo.

Tuseme sasa bahati imemwangukia, kaajiriwa serikalini kwa kima cha chini kabisa, ambacho tangu Julai 2025 ni 500,000 badala ya ile 370,000. Ukitoa PSSSF, bima na kodi anabaki na kama 440,000. Akiishi kwa zile 220,000, anarudisha hela ndani ya miaka mitatu na miezi mitano. Hapo hesabu inaanza kupendeza. Shida ni ile "tuseme". Naenda kwenye hiyo tuseme kesho, sasa hivi macho yananifunga.

SEHEMU YA 3

Nimeamka. Nimekuta meseji nyingi na tusi moja. Tuendelee.

Jumapili iliyopita nilimwita binti nyumbani, tukakaa na simu yangu na bando la 2,000, tukafungua matangazo ya kazi ya Sekretarieti ya Ajira na ya halmashauri, ya nyuma na ya sasa, tukasoma sifa za mwombaji. Si kichwa cha habari, sifa. Nilimpa daftari aandike mwenyewe, sikutaka aseme mama mdogo kanidanganya. Muuguzi yumo. Mteknolojia wa maabara yumo. Mwalimu yumo. Ustawi wa jamii yumo, wa diploma na wa digrii. Saikolojia tuliikuta mara chache, na ilikuwa imetajwa pembeni kama mbadala, tena kwa shahada. Diploma ya saikolojia ikisimama kwa miguu yake yenyewe, kwenye yale tuliyopitia jioni ile, hatukuiona. Binti alifunga daftari akaenda kuosha vyombo bila kuambiwa.

Hapa ndipo watu wanapochanganya. Mwanasaikolojia tiba, yule anayekaa hospitali kubwa na mgonjwa kwa mwezi mzima, si wa diploma. Huyo ni wa digrii na juu yake shahada ya uzamili, Muhimbili wanaitoa. Kwa hiyo diploma ya saikolojia ni ngazi ya kwanza ya ngazi ndefu, na wakala anaiuza kama nyumba iliyokamilika. Ukipanda hadi digrii kwa mkopo wa Bodi, unarejesha kwa kukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Sisemi ni vibaya, nasema nayo iingie kwenye karatasi.

Shuleni je? Shuleni kazi ya ushauri na unasihi anapewa mwalimu wa kawaida, juu ya vipindi vyake, bila senti ya ziada. Kazi ikishafanywa bure na mtu mwingine, mkuu wa shule atakuajiri wa nini?

Halafu kuna hawa vijana wa kuhamasisha. "Usisome ili uajiriwe, soma ujiajiri." Ndugu yangu, jiajiri wapi? Fungua chumba pale Biharamulo mjini, bandika kibao, USHAURI WA KISAIKOLOJIA, SAA MOJA SHILINGI 10,000. Nani ataingia? Nimefanya kazi Biharamulo miaka minne kabla sijahamia Ngara, nawajua watu wangu. Mtu akikosa usingizi anaenda kwa mganga na kuku. Ndoa ikiyumba anaenda kwa padri, kwa shekhe au kwa mchungaji, na wazee wanakaa kikao. Akizidiwa kabisa ndipo anakuja kwetu. Kila mmoja hapo ana njia yake ya kulipwa: mganga kuku, mchungaji sadaka, wazee wanapikiwa. Mwenye diploma atalipwa "asante sana mwanangu, Mungu akubariki". Nyakanazi penye malori yote yale na hela ya usiku, hata pale sijaona mtu akitoa noti ya elfu kumi ili asikilizwe. Anatoa ili asahau.

SEHEMU YA 4

Sasa nijibu ile hoja nzito, na aliyeileta nampa heshima zake. Dada mmoja kaniandikia hivi: "Mbona washauri nasaha wa miradi walikuwa wanatuzidi mishahara sisi wauguzi? Hao si saikolojia?"

Ni kweli, walituzidi. Nina rafiki, simtaji jina, tulipanga nyumba moja Biharamulo. Ana diploma ya hayo mambo ya jamii na ushauri. Mradi wa VVU ulimlipa karibu mara mbili ya mshahara wangu. Alikuwa na pikipiki ya kazi, alinunua kiwanja, akapandisha nyumba hadi kwenye linta. Mimi nilikuwa bado napaka mafuta ya kupikia mikononi mwisho wa mwezi, losheni imeisha. Kama mngeniuliza 2022 diploma gani ina faida, ningesema ya kwake. Sioni aibu kukiri.

Ila sisi watu wa Ngara tungepaswa kuwa wa kwanza kuijua hii sinema, kwa sababu tumeshaiona. Aprili 1994, tarehe 28 na 29, watu kama 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja. Robo milioni, siku moja. Nilikuwa mtoto mdogo, ninachokumbuka ni vumbi na kelele, na mama kutufungia ndani. Benaco ikawa mji. Yakaja mashirika, magari meupe, redio za upepo. Na zikaja ajira, zikiwemo za kukaa na watu waliochinjiwa ndugu zao mbele ya macho yao na kuwasikiliza. Mjomba wangu aliingia hivyo. Alikuwa mwalimu wa UPE, akapewa semina ya wiki kadhaa, akaitwa mshauri, akalipwa hela ambayo ualimu haujawahi kumpa. Desemba 1996 Wanyarwanda wakarudishwa kwao. Mjomba akahamia upande wa Warundi, Lukole. Na Lukole nayo siku ikafika ikafungwa. Cheti cha semina kipo mpaka leo ukutani kwake, kimeliwa na mchwa upande mmoja. Anauza mkaa na vocha.

Mjomba hakukosea kuifanya ile kazi. Ilikuwa kazi takatifu, na mpaka leo kuna usiku halali vizuri kwa yale aliyosikia. Lakini thamani ya ule ujuzi haikuwa kwenye ujuzi. Ilikuwa kwenye bajeti ya mtu aliyekaa Geneva au Washington. Yule akifunga faili, ujuzi wako unabaki kichwani na njaa inabaki tumboni.

Sasa angalieni tarehe 20 Januari 2025. Siku hiyo Rais Samia alisimama Dodoma, mkuu wa Shirika la Afya Duniani yuko pembeni yake, akatangaza kwamba Marburg imethibitika hapa Kagera, wilayani Biharamulo. Siku hiyohiyo, kule Marekani, rais mpya aliapishwa na akasaini agizo la kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ikaguliwe. Siku moja. Mimi niliziona habari zote mbili kwenye simu usiku, nikiwa zamu, nikizisoma kwa zamu.

Mlipuko ulitangazwa kuisha tarehe 13 Machi. Wagonjwa kumi, wawili walithibitishwa kwa vipimo na wanane wakahesabiwa kuwa yaelekea ndio, na wote kumi wamekufa. Hakuna aliyepona. Fikiria familia zao. Umezika bila kuosha maiti, bila kugusa, watu wamevaa kama wanakwenda mwezini. Halafu jirani hakusalimii. Dukani wanakuwekea chenji chini uokote. Kama kuna mwezi ambao wilaya hii ilihitaji washauri nasaha ni ule. Na ni katika wiki hizohizo ambapo rafiki yangu alipokea ujumbe kwamba asiende kazini mpaka atakapotaarifiwa. Hakutaarifiwa. Nyumba yake iko palepale kwenye linta, mvua inainyeshea. Pikipiki ilirudishwa. Anashona nguo, na anashona vizuri, amenishonea gauni la Pasaka.

Wateja wake wa CTC, wale WAVIU aliokuwa akiwafuata nyumbani kuwauliza kama wanameza dawa, nani anawafuata? Wanakuja kwetu dirishani. Tunawapa dawa, tunaita anayefuata.

SEHEMU YA 5 (ya mwisho, nawaahidi)

Hii nimekuwa nikiikwepa.

Mwezi uliopita tulimpokea binti wa miaka kumi na tisa. Nitabadilisha mambo madogomadogo asijulikane. Aliletwa usiku na kaka yake, kanywa sumu. Tulihangaika naye, akapona. Wakati bado ana dripu mkononi, askari alishafika kuuliza maswali, kwa sababu kwa sheria yetu kujaribu kujiua bado ni kosa la jinai. Kwa hiyo mtu wa kwanza kukaa kitandani pake na daftari alikuwa askari. Wa pili nilikuwa mimi. Nilipata kama dakika kumi, kati ya dawa za saa mbili na mgonjwa mwingine aliyekuwa anatapika. Nikamuuliza kulikoni. Akageukia ukutani. Nikampapasa bega nikaondoka, kwa sababu wodi ina watu na sisi tulikuwa wawili.

Kesho yake binti wa dada aliniletea chakula, kama kawaida yake nikiwa na zamu ndefu. Akakaa kwenye benchi kunisubiri nimalize. Benchi liko karibu na kitanda cha yule msichana. Sikumtuma. Niliporudi baada ya kama saa moja na nusu nimekuta wanagawana ugali wangu, na yule msichana anaongea. Analia na kuongea. Binti wa dada hakuwa anasema chochote, anatikisa kichwa tu na kumwambia "eeh", "halafu?". Mimi nilirudi nyuma taratibu, nikajifanya natafuta kitu stoo.

Kwa hiyo msinieleze kuhusu kipaji. Ninakiona. Huyo mtoto ana kitu ambacho mimi sikufundishwa chuoni na sijakipata miaka kumi wodini. Ndiyo maana nina hasira, sina dharau. Nina hasira na chuo kinachochukua kipaji hicho na kukiuzia ndoto kwa bei ya shamba, huku kikijua kwamba mlango wa mwisho hauna kitasa. Nina hasira na halmashauri zetu, Ngara na Biharamulo zote, na wanaozipangia ikama huko juu, kwa sababu kila kikao cha afya ya akili tunaambiwa jamii ina tatizo kubwa, tunapewa soda na fulana, na ikama ikitoka hakuna nafasi hata moja ya mtu wa kukaa na yule msichana. Kama kazi ni muhimu, iwekeeni kada na mshahara. Kama si muhimu, wazuieni wakala wasipige simu kwa wajane. Vyote viwili kwa pamoja ni wizi, hata kama kila karatasi ina mhuri wa NACTVET.

Na wale mnaocheka "kozi ya maneno, kozi ya wavivu", nanyi nyamazeni. Yule msichana hakuhitaji dripu ya nne. Alihitaji maneno.

Mnaniuliza sasa asome nini. Maoni yangu nimempa, na ni ya mtu mmoja. Asome uuguzi au ustawi wa jamii, vitu ambavyo jina lake litaonekana kwenye tangazo, na fani zile za afya angalau zina mlango wa mkopo wa kugonga. Akishapata mshahara wake, huo ushauri nasaha aongeze juu, kwa kozi fupi au aende uuguzi wa afya ya akili. Alama zake za sayansi zinabana kwenye uuguzi, hilo nalijua, itabidi arudie mtihani wa kemia na biolojia kama mtahiniwa wa kujitegemea, mwaka utaenda. Mwaka mmoja na ada ya mtihani ni nafuu kuliko bonde la migomba. Naye ananijibu, "Mama mdogo, mimi damu naogopa." Nimemwambia na mimi niliogopa. Si kweli, sikuogopa, lakini nimemwambia hivyo.

Dada hajanijibu. Jana alinipigia akaongelea mvua na mbuzi, la shamba akaliruka. Wakala kampa hadi mwisho wa mwezi kulipa ya kushikia nafasi, eti zimebaki chache. Mnunuzi anakuja Jumamosi saa nne na fedha mkononi na mwenyekiti wa kitongoji kama shahidi. Nimebadilishana zamu na mwenzangu ili niwepo. Hiyo karatasi ya hesabu nitakuja nayo, na lile daftari aliloandika binti kwa mkono wake.